Msuli Unashika, Msuli Unaachia

Wadogo zangu wa chumba cha upasuaji, mliniomba niandike kitu kabla sijasahau majina ya dawa. Mmewahi. Majina bado ninayo, kinachonipotea ni miwani. Nimestaafu mwaka huu, nipo nyumbani kwangu Iyunga, na kila asubuhi naamka mapema kwa mazoea, nakaa kitandani najiuliza leo namlaza nani. Hakuna wa kumlaza. Mume wangu analala mwenyewe bila dawa, tena kwa kelele.

Vyeo sitaviandika, kwa sababu havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika kuhusu msuli. Watu wakisikia wewe ni nesi wa nusukaputi wanadhani kazi yako ni kuleta usingizi tu. Usingizi ni sehemu ndogo. Mtu anaweza kulala fofofo na tumbo lake likabaki gumu kama ubao, daktari asipate pa kupitisha mkono. Kwa hiyo unampa dawa nyingine ya kulegeza misuli, na ukishamlegeza, misuli ya kupumulia nayo imelegea. Kuanzia hapo pumzi yake iko mkononi mwako, ndani ya ule mfuko mweusi wa mpira, unaminya na kuachia mpaka arudi. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na mpaka siku ya mwisho nilikuwa bado nashangaa.

Nilianza Mbeya mjini, chini ya Mzee Salum. Alizaliwa hapahapa, lakini babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya nguo, akakutana na baridi hii, akaoa ili apate joto. Hayo ni maneno yake mwenyewe, msije mkasema mimi, Sista Tupo, nimemtukana marehemu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Mimi Mnyakyusa wa Tukuyu nikisema "kile kiti yangu", alikuwa anasimama na sindano juu mpaka nirekebishe, mgonjwa akisubiri.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa na mwanamume wa makamo mwenye ngiri. Mzee Salum akamlaza, kisha akachukua bomba la sindano lenye ile dawa ya kulegeza inayokaa kwenye friji. Friji yenyewe ilikuwa ya mafuta ya taa, na ndani yake kulikuwa na maziwa ya mtu ambaye hajajitaja mpaka leo. Nikawa nakodolea macho lile bomba.

"Usitazame dawa, mwanangu," akaniambia. "Dawa haina la kukuonyesha. Mtazame mtu."

Nikamtazama. Dawa ilipoingia, kope za yule baba zikaanza kuchezacheza. Halafu mashavu. Halafu shingo, mabega, kifua, tumbo, kitu kikawa kinatembea chini ya ngozi yake kuelekea miguuni, kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza nzi. Kikafika kwenye vidole vya miguu, vikatikisika kidogo, basi. Mwili mzima ukatulia. Kifua nacho kikatulia, hakipandi wala hakishuki.

"Mzee Salum! Ameenda?"

"Ameenda wapi? Weka sikio hapa."

Nikaweka. Moyo ulikuwa unadunda kwa raha zake, du-du, du-du, kama hauna habari. Mzee akaanza kuminya mfuko, kifua kikapanda. Akaniambia moyo nao ni msuli, lakini una milango ya aina nyingine, na dawa hii ufunguo wake haufungui huko. Baada ya dakika chache, nikiwa nimeweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa kama nilivyoagizwa, nikasikia kitu kidogo kimegusa kiganja changu kutoka ndani. Pumzi yake mwenyewe, ya kwanza. Nilishtuka nikaondoa mkono. Mzee Salum akacheka mpaka barakoa ikamshuka.

"Subhanallah," akasema. "Mimi nimeiona mara ngapi sijui, na bado nasema subhanallah."

Nilikuwa nimesoma habari za msuli chuoni, nikafaulu, nikasahau. Kuelewa nilielewa kwenye Idi ya kuchinja, nyumbani kwa Mzee Salum. Alialika wote wa chumba cha upasuaji, Waislamu na sisi wa makanisani, na ng'ombe alichinjwa asubuhi tukiwepo. Wakati wanawake wanakata nyama kwenye sinia kubwa, mzee akaniita.

"Njoo uone darasa."

Alichukua kipande cha paja, kibichi, bado kina joto la mnyama, akakinyunyizia chumvi. Nyama ikacheza. Jamani, nyama iliyokatwa, iliyo kwenye sinia, haina kichwa, haina moyo, haina chochote, ikaanza kujikunja na kujikunjua kama inajikuna. Nikaruka nyuma nikamkanyaga mke wake. Mke wake, ambaye alikuwa ameshaiona mara nyingi, akasema, "Salum, wewe na wageni wako."

Mzee akanawa mikono, akaninyooshea viganja viwili, vidole vimeelekeana, akavipitisha kimoja katikati ya kingine nusu tu.

"Uzi wa msuli, ule mmoja mwembamba usioonekana kwa jicho, ndani yake una nyuzi ndogo zaidi. Nene na nyembamba, zimepangana hivi. Ukikunja mkono, unadhani zinajikunja?"

"Ndiyo, zinafupika."

"Hazifupiki hata moja! Zinapishana tu." Akasukuma vidole vikaingia zaidi katikati ya vingine, na viganja vikakaribiana. "Uzi mnene una vichwa vingi vidogo. Kichwa kinashika uzi mwembamba, kinavuta, kinaachia, kinashika mbele, kinavuta tena. Umeona watu wanavyovuta kamba lori likinasa kwenye tope? Mkono huu unashika, huu unaachia. Basi humo ndani ni hivyo, vichwa visivyohesabika, ili wewe uinue kikombe cha chai."

Nikamuuliza nani anaviambia vishike. Akasema kuna kalsiamu, hiihii ya mifupa na maziwa, imewekwa akiba kwenye vifuko ndani ya uzi. Amri ikifika, vifuko vinafunguka, kalsiamu inamwagika, na mahali pa kushikia panakuwa wazi. Amri ikiisha, kalsiamu inasukumwa kurudi vifukoni, vichwa vinakosa pa kushika, msuli unalegea. Ile chumvi ilikuwa imezivuruga tu seli, ikazifanya zidhani zimepewa amri.

"Sasa sikiliza hili," akasema, na hapo alishusha sauti. "Kushika si shida. Kichwa kikishashika na kuvuta, hakiwezi kuachia mpaka kipewe nguvu, chembe ya nishati. Kuachia nako kunataka nguvu. Mimi naosha maiti msikitini. Ndiyo maana tunawahi kufumba macho, kunyoosha viungo, kulainisha magoti, maana baada ya saa chache hutaweza. Nishati imekwisha, vichwa vimeshika, wa kuviachisha hayupo."

Nililia kidogo, sijui kwa nini, pale uani na harufu ya nyama na moshi wa kuni. Nilikuwa nimemzika mama yangu mwaka uliopita, na kukakamaa kwake kuliniumiza sana, niliona kama amekasirika. Mzee Salum hakujua hayo. Alinipa ini la kuchoma.

Vifaa vyetu nyakati zile mngevicheka. Mashine mlizo nazo ninyi za kugusa neva kwa umeme na kuhesabu msuli unavyojibu, sisi hatukuwa nazo. Tulikuwa na maneno mawili. La kwanza, "Nishike mkono." La pili, "Inua kichwa." Mgonjwa akimaliza upasuaji, tunampa neostigmini ya kumrudishia misuli, tunaita jina lake, tunamwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto na akishikilie hapo. Akishikilia, amerudi. Kikianguka, bado dawa imo, endelea kuminya mfuko. Mpaka leo nikimwona mtu amelala kwenye basi la Tunduma kichwa kimedondoka natamani kumwambia ainue.

Kabla sijatoka Mbeya, niwape habari ya mkulima mmoja wa viazi kutoka Uyole, kwa sababu ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Alichomwa mguu na msumari shambani, akapaka majivu, akaendelea kulima. Alivyoletwa taya limefunga, mgongo umepinda kama upinde, na mlango ukigongwa tu mwili wake wote unavuta kwa pamoja. Pepopunda. Sumu yake inazima breki za neva, amri za kushika zinakuja mfululizo na ya kutulia haiji. Tulimweka chumba chenye giza, tukavua viatu, tukaongea kwa ishara kama majambazi, tukampa dawa za kutuliza mpaka mwili ukasahau ugomvi. Alipona. Alileta gunia la viazi, na matroni akagawa kwa upendeleo wa wazi. Lakini mimi nilichokiona kwa mtu yule ni kwamba kila siku, dakika hii, kila mmoja wetu amekaa katikati ya kushika na kuachia, na hatujui, tunakunywa chai.

Ndipo nikahamishiwa mkoa wa Iringa, hospitali moja ya huko juu kwenye baridi kuliko hata Mbeya, nikawa mtu wa usingizi peke yangu. Daktari wa upasuaji alikuwa Daktari Sanga, mwanamke mpole, mfupi, aliyekuwa anasimama juu ya kijukwaa ili aifikie meza. Tulielewana. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na mimi hukunjua paji la uso haraka nikielezwa vizuri.

Msimu mmoja wa mvua alilazwa mama anaitwa Yustina Kikoti, fundi cherehani, mjane, mwenye rovu kubwa shingoni, ili litolewe. Nilikwenda wodini asubuhi kumkagua kama kawaida. Mchangamfu huyo! Alinisuta kwa namna nilivyoshona gauni langu la kazi, akasema mshono wa bega umekimbia. Nikamwambia ainue kichwa, akainua, akakishikilia huku anaongea.

Jioni nilirudi kumuuliza kama ana meno ya bandia. Nikakuta mtu mwingine kitandani. Kope zimeshuka nusu ya jicho. Kidevu amekishikilia kwa kiganja kama mzigo. Akinijibu, maneno yanapitia puani, yanateleza, yanaungana. Mama wa kitanda cha jirani akanikonyeza.

"Wamemletea ulanzi huyo," akanong'ona. "Kila jioni yuko hivyo."

Kwa wasioijua Iringa: ulanzi ni pombe ya mianzi, inagemwa msimu wa mvua, na jioni ya msimu wake ukimwona mtu macho yamelegea na ulimi mzito huulizi mara mbili. Nami ningeamini. Lakini niliinama karibu na mdomo wake, nikasikia harufu ya chai ya tangawizi tu. Nikamwambia, "Mama Yustina, inua kichwa." Akainua, kikaanguka. Mara ya pili akakiinua nusu. Mara ya tatu hakikutoka kwenye mto.

Hali ile nilikuwa nimeiona kila siku ya kazi yangu. Ni mgonjwa ambaye dawa ya kulegeza haijamwisha. Ila huyu hakuna aliyempa dawa.

Nikatoka mbio kumtafuta Daktari Sanga, nikamkuta anavaa koti aende nyumbani. Kabla sijamaliza akasema, "Hata mimi nimemwona. Tangu juzi jina la ugonjwa linanizunguka kichwani. Nililisoma chuoni, sijawahi kukutana nalo. Ile dawa yako ya kurudishia misuli, unayo?"

"Neostigmini? Ninayo kabatini ya kutosha."

Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tunafikiria jambo moja, kwamba upasuaji ulipangwa keshokutwa, na tungempa dozi ya kawaida ya kulegeza mtu ambaye tayari amelegea. Daktari akavua koti.

Tukarudi wodini, akamuuliza Yustina yote kwa utaratibu. Akasema asubuhi yuko mzima, jua likipanda mwili unamwisha. Jioni anaona sindano mbili kwenye cherehani, "nashona kwa ile ya uongo, nguo inatoka na kilema." Kanisani alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya Kilutheri, ubeti wa kwanza anaimba vizuri, wa tatu sauti imezama. Na nyuma ya nyumba yake kuna mianzi ya shemeji yake. Watu walijumlisha, wakapata jibu. Wazee wa kanisa walimwita, wakamtaka atubu ulevi mbele ya usharika. Akakataa. Wakamtoa kwaya na kumzuia Meza ya Bwana mpaka atakapotubu.

"Kesho saa ya kuona wagonjwa watakuja," akatuambia, machozi yanashuka na kope hazina nguvu ya kuyafumba. "Wanataka nitubu kabla ya kupasuliwa. Sista, kwetu ukifa umetengwa, mchungaji haji kaburini. Nikitubu, nimemdanganya Mungu, ulanzi sijauonja hata kwa ncha ya ulimi. Nisipotubu nikafia mezani kwenu, nazikwa kimya. Bora lipi, niambieni ninyi mliosoma."

Daktari Sanga alimshika tu mkono.

Asubuhi yake nilimpigia simu Mzee Salum, amekwisha kustaafu, yuko kwake Mbeya anafuga kuku. Nikamweleza. Akasema, "Ndiyo huo ugonjwa, mwanangu. Mpe na atropini, moyo usije ukazubaa. Kaa naye, mfuko wa kupumulia uwe karibu. Na ukimaliza, unipigie unieleze, usininyime."

Tulimchoma neostigmini na atropini baada ya chakula cha mchana, macho yameanza kushuka. Daktari upande huu, mimi upande ule. Tukangoja. Wodi nzima ilikuwa inatuangalia. Halafu kope za Yustina zikaanza kupanda, polepole, zote mbili, mtu anaweza kusema kuna mkono unazivuta kutoka juu. Macho yakafunguka yote. Akaninyooshea kidole.

"Sista," akasema kwa sauti safi kabisa, "kumbe uko mmoja!"

Mungu wangu. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Daktari Sanga akamwambia ahesabu, akahesabu mpaka tukamchoka. Akainua kichwa, akakishikilia, akauliza kama anaweza kukishusha sasa. Kisha, bila kuombwa, akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kwao, na wa pili, na wa tatu, na wa tatu ulitoka na nguvu kama wa kwanza. Mama wa kitanda cha jirani alijifunika khanga usoni.

Hebu fikirieni nini kilikuwa kimetokea. Neva haigusani na msuli, kuna upenyo kati yao mdogo kuliko chochote mtakachowahi kukiona. Neva inadondosha kemikali yake, kemikali inavuka, inafungua milango kwenye ngozi ya uzi wa msuli, na hapo ndipo kalsiamu inamwagika na vichwa vinashika. Mwili wa Yustina, kwa kukosea, ulikuwa unaishambulia milango yake yenyewe. Iliyobaki ni michache. Amri za asubuhi zilifika, lakini kadiri anavyotumia msuli ndivyo kemikali inavyozidi kupungua, na kwa milango michache hiyo haitoshi tena. Nyuzi zake zilikuwa nzima, na vichwa na kalsiamu pia, vyote vinangoja amri isiyofika. Sasa kwenye ule upenyo kuna mfagiaji anayeiondoa kemikali upesi baada ya kila amri. Sindano yetu ilimzuia mfagiaji, kemikali ikakaa zaidi, ikapata nafasi ya kugonga na kugonga tena mpaka mlango ukafunguka. Hilo tu. Na mama wa watu akaniona mmoja.

Saa kumi wazee wakafika, watatu, mvua imewalowesha, na ugali na maharage kwenye hotipoti iliyofungwa kitenge. Hawakuja kwa ubaya, nataka mlijue hilo. Kiongozi wao alikuwa Mzee Kalolo, mtu mzima sana, angeweza kumzaa Yustina na mimi pia. Akasalimia wodi yote, "Kamwene," tukaitikia. Akamtazama Yustina, akatabasamu kwa upole.

"Tunamshukuru Mungu. Umekaa hospitali siku hizi chache, umepumzika na kile kitu, na macho yamerudi."

"Baba, sijapumzika na chochote," Yustina akasema. "Nimechomwa sindano."

Daktari Sanga akawaeleza taratibu, milango, neva, yote. Mzee Kalolo alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante, daktari. Ila sisi hatukumhukumu binti yetu kwa kusikia. Tulimwona kwa macho yetu."

Daktari akamwangalia Yustina. Yustina akaitikia kwa kichwa. "Basi kaeni, baba," daktari akasema. "Dawa yenyewe haikai sana. Mtamwona tena kwa macho yenu."

Wakakaa kwenye benchi. Wakaongea habari za mvua, za mahindi, za paa la kanisa. Yustina alishiriki, akawatania kwamba bila yeye sauti ya kwanza sasa inaimba kama mbuzi, na mmoja wao akacheka kabla hajajizuia. Kisha nikaona kope ya kushoto imeanza kushuka. Mzee Kalolo akaiona. Ya kulia ikafuata. Neno "kanisa" likateleza, likatokea puani. Kidevu kikatafuta kiganja. Mzee mmoja akachukua kikombe cha kitandani, akakinusa, akakirudisha. Yalikuwa maji. Akainama chini ya kitanda, akakuta kandambili tu.

Niliinuka na bomba la pili, maana kumtazama kulinichoma. Yustina akainua vidole viwili kutoka kwenye shuka.

"Bado," akasema, kwa ulimi ule mzito. "Waa... waangalie."

Nikasimama pale na sindano yangu, mkono mwingine nimeuweka kifuani kwake, nahesabu pumzi kimoyomoyo. Pumzi zingeyumba nisingemwomba mtu ruhusa. Hazikuyumba. Watu wote mle ndani walikuwa wanamwangalia mwanamke akilewa mbele yao kwa maji ya bomba.

Mzee Kalolo alivua kofia.

"Dada yangu alikuwa na macho haya," akasema. "Haya haya. Jioni alikuwa anashika kidevu namna hii. Mume wake alimrudisha nyumbani, nasi tukamfungia nje akalale jikoni, tukasema ulanzi utamtoka. Tulimzika bila mchungaji. Mimi ndiye niliyesema mchungaji asiitwe." Akanigeukia. "Mwanangu, hii dawa, miaka ile ilikuwepo?"

Niliulizwa mimi, kwa hiyo nilijibu mimi.

"Ilikuwepo, baba. Ilikuwepo kabla sijazaliwa."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali jambo dogo. Kisha akasimama, akajiegemeza kwenye chuma cha kitanda, na mzee yule ambaye usharika mzima ulikuwa unampisha njiani akamwinamia fundi cherehani aliyemtenga.

"Shikamoo, mama," akamwambia.

Yustina alimwangalia kupitia kile kijipenyo cha macho kilichobaki. Midomo yake ilihangaika. Ilijaribu, ikashindwa, ikapumzika, ikajaribu tena, nasi sote tulibaki tumesimama tunaingoja. Sauti ilitoka vipandevipande, kupitia puani, na kila mtu wodini aliisikia.

"Ma-ra-ha-ba."